Vidonge vya Akiba

Kila Grasiana alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua sare, alipandisha mkono juu ya kabati na kulishusha kopo. Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga, lenye mfuniko unaobana, na ndani yake mlikuwa na vidonge. Vingine vilikuwa bado ndani ya karatasi zake za kung'aa, vingine vimefungwa kwenye vipande vya gazeti, na vingine vilizagaa tu chini kama maharage. Alivimwaga kwenye ungo, akavihesabu, akavipanga kwa rangi, kisha akavirudisha. Ndipo alipovua sare na kwenda kuteka maji.

Pale kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge nje kidogo ya Mnyuzi, dawa haikutupwa. Mtu akipewa vidonge vya wiki nzima zahanati, akapata nafuu siku ya tatu, vilivyobaki aliviweka akiba. Jirani akiumwa aliomba viwili, kama anavyoomba chumvi au kaa la moto, na hakuna aliyenyimwa. Walianza hivyo tangu enzi za mababu zao, waliokuja kukata mkonge kutoka pembe zote za nchi na hawakuwa na ndugu wa kuwaangalia wakiugua. Jambo lenyewe lilitokana na huruma, na ndiyo maana hakuna aliyelitilia shaka.

Mwaka uliopita wanawake wa kambi waliamua vidonge vyote vikae mahali pamoja. Wakamkabidhi Grasiana, binti wa Yusta, aliyekuwa darasa la tano wakati huo na akishika namba ya kwanza au ya pili kila muhula. Haukupita muda wakaanza kumwita Dakta. Jina hilo lilimkolea mtoto wa watu. Alilibeba shuleni, akalala nalo, na mtu akisahau na kumwita Grasiana tu, alichelewa kidogo kuitika.

Basi siku moja alikuja jirani yao, Bibi Maryamu, pua imemvimba kwa kupenga.

"Dakta wangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mafua yananimaliza, mjukuu wangu. Tangu nirudi Handeni kwenye msiba sijapumua. Hebu nitazamie vile vya rangi mbili."

Vidonge vya rangi mbili ndivyo vilivyoheshimiwa kuliko vyote pale kambini. Nusu rangi hii, nusu rangi ile, na unga ndani. Grasiana alikuwa na vya nyekundu na njano tisa, lakini hivyo alivionea uchungu. Akampa bibi vinne vya zambarau na waridi. Baada ya siku nne Bibi Maryamu alipumua vizuri, akamsifu Dakta kisimani na mashineni. Hakuna aliyejiuliza kama mafua yale yangeondoka yenyewe, na kwa kutojiuliza huko, balaa lilisogea hatua moja karibu na mlango wa Yusta.

Lilibisha hodi Jumanne. Yusta alirudi kutoka shambani amefunga mkono wa kulia kwa kipande cha khanga. Jani la mkonge lina mwiba mgumu nchani, na mwiba huo ulikuwa umemwingia kwenye shina la kidole gumba hadi ukakatikia ndani. Wenzake walimchokolea kwa pini wakautoa, kazi ikaendelea.

"Kesho nitapita zahanati," alisema akikaa kwenye kigoda. "Mkono unapwita."

"Ya nini kupanga foleni, mama? Dawa si ipo."

Yusta alimtazama binti yake. Baba wa mtoto alikuwa Tanga kwenye kazi za ujenzi, wala hakukuwa na mtu mzima mwingine wa kumuuliza. Kesho yake pia alikuwa na kipande cha kukata, kazi aliyopimiwa kwa siku, na mnyapara Obadia hakuwa mtu wa kusikiliza sababu. Akanyoosha mkono.

Grasiana alifanya kama alivyoona watu wakifanya tangu utotoni. Alipasua kidonge kimoja cha nyekundu na njano, akanyunyiza unga wake kidondani, akafunga kwa khanga ileile. Kisha akampa mama yake viwili ameze. Jumatano akampa viwili, Alhamisi viwili. Alhamisi jioni uvimbe ulikuwa umepungua na Yusta aliweza kusonga ugali.

"Vimebaki viwili," Grasiana alisema. "Tuviweke. Kesho anaweza kuumwa mwingine."

"Umefanya vizuri, Dakta," mama yake akamjibu, akacheka.

Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa siku nyingi. Jumamosi mkono ulianza kuwaka tena. Jumapili kidole gumba kilivimba hadi ngozi ikang'aa, na Yusta akashindwa kushika hata kikombe. Grasiana aliuona uvimbe umefika kwenye kifundo cha mkono. Moyo ulimwambia kuna kitu hakiko sawa, lakini aliunyamazisha. Alivitoa vile viwili vilivyobaki, akavitazama, akavirudisha ndani ya kopo. Sijui aliogopa nini zaidi, ugonjwa au kuonekana kuwa hajui.

Jumatatu waliongozana hadi zahanati. Nesi Edna, mwanamke mpole mwenye miwani, aliifungua ile khanga, akauma mdomo. Miezi michache nyuma alikuwa amepita kambini nyumba kwa nyumba akiwakataza watu kugawana dawa. Wote waliitikia ndiyo, nesi, na alipoondoka kopo likarudi juu ya kabati.

"Umeshatumia dawa yoyote kabla ya kuja hapa?" aliuliza, kalamu mkononi.

Yusta alimgeukia binti yake. Hakusema kitu. Alikuwa akimwachia mtoto ajibu mwenyewe, au pengine akimficha, na Grasiana akawaza haraka. Akisema kweli, kopo litachukuliwa. Kambi nzima itajua. Jina lake litakwisha leo hiihii.

"Hapana, nesi," alisema. "Hatujatumia kitu."

Nesi Edna akaandika kwenye kadi kwa wino wa bluu: hajatumia dawa yoyote. Akasafisha kidonda, akampa Yusta amoksilini, akasisitiza ameze kimoja kila baada ya saa nane bila kuruka, na homa ikizidi au uvimbe ukipanda mkononi, warudi siku hiyohiyo. Njiani Grasiana aliibeba ile kadi. Haikuwa na uzito wowote, lakini alijikuta anaibadilisha mkono huu na ule.

Jumatano asubuhi aliamka akamkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda anaongea peke yake. Aliongea na bibi yake Grasiana, aliyekufa zamani, akimwambia asogeze jiko maana baridi ni kali. Hakukuwa na baridi. Mwili wake ulikuwa unachoma ukiugusa. Grasiana alimpandisha mkono wa gauni, akauona mstari mwekundu, mwembamba, umetoka kwenye kifundo cha mkono ukapita kwenye kiwiko na kuelekea kwapani. Jana haukuwapo.

Alikimbia pekupeku hadi kwa mnyapara Obadia. Mzee yule, ambaye wote walimjua kwa ukali, alikuja, akautazama mkono mara moja tu, akaenda kuomba gari la shamba. Wakati wanamwingiza Yusta garini, Grasiana alirudi ndani kuchukua khanga na ile kadi. Akasimama mbele ya kabati. Halafu akalichukua na kopo, akalisukumia chini kabisa ya mkoba wake wa shule. Mwenyewe hakujua kwa nini.

Barabara ya kwenda Korogwe ilikuwa ndefu siku ile. Mkonge ulisimama pande zote mbili, mistari na mistari, kila jani na mwiba wake. Yusta aliegemea bega la binti yake akipumua haraka haraka. Mzee Obadia alikaa mbele na dereva na hakugeuka hata mara moja. Kopo lilikuwa likigonga goti la Grasiana kila gari lilipoingia kwenye shimo, na vidonge vikawa vinalia ndani yake. Aliubana mkoba kwa mikono miwili ili vinyamaze.

Hospitalini walimlaza Yusta mara moja, wakamtundikia dripu. Daktari aliyekuja alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, aitwaye Mhina. Alimpima presha, akaugusa mkono, akaufuata ule mstari kwa kidole hadi kwapani. Kisha akaisoma kadi.

"Mama, unanisikia? Umeanza dawa lini?"

Yusta alifumbua macho, akamwambia asogeze jiko.

Daktari Mhina akamgeukia muuguzi aliyekuwa naye. "Hapa imeandikwa hakutumia kitu chochote kabla. Ameanza amoksilini juzi tu, na siku mbili ni chache. Tuendelee na dawa za jamii hiyohiyo, ila tumpe kwa sindano ya mshipa."

Grasiana alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alisikia kila neno. Ule uongo wake haukubaki zahanati. Ulikuwa umepanda gari pamoja nao, na sasa daktari alikuwa akiutumia kumchagulia mama yake dawa. Mzee Obadia alikuwa hapo, na muuguzi, na wagonjwa wa vitanda vya pembeni. Muuguzi alikwisha kuanza kuondoka.

"Daktari," alisema. "Hiyo kadi si ya kweli."

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi niliyemdanganya nesi. Mama alikuwa ameshakunywa dawa. Nilimpa mimi." Akafungua mkoba, akatoa kopo, akaliweka kitandani. Mfuniko ulibana, ukamshinda, daktari akamfungulia.

Daktari Mhina hakumfokea. Alimwita muuguzi arudi, akainama usawa wa uso wa Grasiana.

"Sikiliza, binti. Nieleze kama ilivyokuwa. Ni vipi kati ya hivi, vingapi, na siku gani?"

Swali hilo Grasiana aliliweza. "Vya nyekundu na njano. Vilikuwa tisa. Kimoja nilikipasua nikamwagia kidondani Jumanne ya wiki iliyopita. Jioni hiyo akameza viwili, Jumatano viwili, Alhamisi viwili. Tukaacha kwa sababu uvimbe ulipungua. Viwili hivi hapa."

Daktari alivichukua, akasoma maandishi madogo kwenye maganda. "Amoksilini nayo. Kwa hiyo amekula nusunusu wiki iliyopita, akaacha, akarudia juzi, na bado ugonjwa unapanda." Alisimama wima. "Tunabadilisha dawa kabisa. Na chumba cha upasuaji wajulishwe sasa hivi, huu usaha lazima utoke leo. Mchukulie sampuli iende maabara."

Muuguzi akaondoka karibu mbio. Walimsukuma Yusta kwenye kitanda cha magurudumu, na mlango ukafungwa. Grasiana alibaki kwenye benchi, mkoba mapajani. Mzee Obadia alikaa kando yake. "Na mimi nilishawahi kula vidonge vya lile kopo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Siku tatu zilizofuata Grasiana alilala kwa mama yake mdogo aliyeishi mtaa wa Kilole, na kila asubuhi alikwenda hospitali bila kujua atakuta nini. Siku ya kwanza Yusta hakumtambua. Muuguzi alisema wasubiri, na hakusema zaidi. Siku ya pili ule mstari mwekundu ulikuwa umerudi chini ya kiwiko. Siku ya tatu Yusta alifumbua macho, akamtazama binti yake, akauliza kama amekula.

Grasiana alilia hapo hapo, kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

Mchana huo Daktari Mhina alikuja na majibu ya maabara. Bakteria waliokuwa mkononi mwa Yusta hawakuwa wanakufa kwa amoksilini. Alivuta kiti, akawaeleza mama na mtoto pamoja.

"Grasiana, umewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa?"

"Ndiyo. Wanasimamisha fito, halafu wanakandika."

"Haya. Bakteria ni kiumbe kidogo sana, huwezi kumwona kwa macho, na ana ukuta wake unaomzunguka. Akitaka kuzaana lazima aukandike ukuta mpya. Amoksilini inakwenda kumzuia asikandike. Ukuta unabaki na mianya, na yeye anapasuka. Sisi miili yetu haina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa inamuua yeye na kutuacha sisi. Zipo dawa nyingine zinazomvuruga kwa njia nyingine, kama hii tuliyompa mama yako. Zote hizo tunaziita antibiotiki."

"Sasa kwa nini haikumsaidia mama? Alhamisi alikuwa na nafuu."

"Huenda waliokufa ni wale dhaifu, nawe ukaona nafuu. Waliobaki ni wagumu. Ulipoacha, wagumu wakapata nafasi ya kuzaana, na watoto wao wakawa wagumu kama wao. Au walikuwamo wagumu tangu mwanzo, kwa sababu kambini kwenu watu wamekuwa wakila dawa hizi vipande vipande kwa miaka mingi. Unga wa kidonge nao haukusaidia kitu pale kidondani, umeongeza uchafu tu."

Grasiana aliinamisha kichwa. Halafu akakumbuka. "Lakini Bibi Maryamu alipona mafua."

Daktari alilivuta kopo, akatafuta, akatoa kidonge kimoja cha zambarau na waridi. "Ulimpa hivi?"

"Ndiyo."

"Hivi ni vya kupunguza asidi tumboni. Havina uhusiano wowote na mafua, wala si antibiotiki. Kila dawa yenye rangi mbili kwenu ni moja, na humu mna aina tano tofauti." Alikirudisha. "Hata ungempa antibiotiki yenyewe, isingemfaa. Mafua yanaletwa na virusi, navyo havina ukuta wa kuzuiwa. Mwili wa bibi ndio uliomponya. Wewe ulipokea sifa tu."

Maneno hayo yalimchoma, lakini aliyakubali. Alimwomba daktari alichukue kopo. Daktari akalichukua, akamwambia ameokoa maisha ya mama yake alipolitoa mkobani, ila angeyaokoa mapema zaidi kama angelitaja Jumatatu. Yusta alisikiliza yote. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kosa si la mtoto peke yake, kwani na yeye alikaa kimya mbele ya nesi.

Yusta aliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya siku saba. Mkono ulipona, lakini kidole gumba hakikukunjika tena. Kazi ya kukata mkonge ilimshinda, na mzee Obadia akamtafutia nafasi kwenye kuanika nyuzi. Pale kambini hakuna aliyemwita tena Grasiana Dakta. Wengine walimnunia kwa kuwa alilitoa kopo la watu wote. Jumamosi moja Nesi Edna alikuja na mfuko, na Grasiana akapita naye nyumba kwa nyumba kukusanya vilivyofichwa chini ya magodoro, akieleza mwenyewe kilichompata mama yake. Hata sehemu ya uongo wake hakuiacha.

Kabla vile vidonge vya siku saba havijaisha, siku ya nne tangu Yusta arudi, Bibi Maryamu alibisha hodi. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu anayekohoa.

"Yusta mwanangu, naona umeshapona. Nigawie viwili vya huyu mtoto."

Kambini hakuna aliyewahi kunyimwa. Yusta alisimama, akauweka mkono wake wa kulia mbele ya macho ya Bibi Maryamu, akajaribu kukunja ngumi. Vidole vinne vilikunjika. Cha tano kilibaki kimesimama.

"Naona nimepona, bibi, na nilijiona nimepona Alhamisi ile pia. Hivi nitavimeza mpaka cha mwisho. Na mjukuu wako sijui anaumwa nini. Wewe hujui, na huyu wangu hajui. Nikikupa, nitakuwa nimekunyima nesi." Akamgeukia binti yake. "Wapeleke zahanati. Na nesi akiuliza ametumia nini, mjibuni ukweli."

Bibi Maryamu alikitazama kile kidole kwa muda. Kisha akafunga vizuri mbeleko yake, akatangulia.

Nesi Edna alimpima mtoto, akakuta ni mafua. Akasema apewe maji mengi, aletwe tena akianza kupumua kwa shida, na hakumpa kidonge hata kimoja. Bibi Maryamu alirudi akinung'unika, lakini mtoto alipona ndani ya wiki.

Siku ya saba jioni Grasiana alimletea mama yake kikombe cha maji. Yusta alikishika kwa mkono wa kushoto, akameza kidonge cha mwisho, akampa binti yake karatasi tupu. Grasiana alivipapasa vishimo vyake vyote, kimoja kimoja, kuhakikisha. Kisha akapandisha mkono juu ya kabati kwa mazoea, akakuta hakuna kitu.

"Dawa ni ya ugonjwa wake na ya mtu wake," mama yake alisema. "Ukipewa imalize kama ulivyoambiwa, na ukiulizwa sema kweli, hata kama kweli hiyo inakuaibisha. Umenisikia, Grasiana?"

"Nimekusikia, mama," akajibu. Na hakuchelewa kuitika.